Diazepamu ya dukani haitibu skizofrenia

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zinazouguza ndugu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, hasa zile zinazomnunulia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, dukani bila cheti cha daktari. Nasema kwa uchungu, maana nasi nyumbani tulifanya hivyo.

Kaka yangu alianza kusikia sauti akiwa na miaka 21. Hospitalini alipewa dawa ya ugonjwa huo, haloperidoli. Shingo ikamkakamaa, mikono ikatetemeka, akaikataa dawa hiyo. Jirani akamshauri mama vidonge vya usingizi vya diazepamu. Usiku ule kaka alilala fofofo, na nyumba nzima tukashusha pumzi. Miezi minne baadaye sauti zilikuwa palepale, ila sasa alizisikia huku amelewa usingizi. Vidonge vilipokosekana ghafla, alianguka kama mwenye kifafa.

Daktari aliyetupokea alikaa nasi akatueleza. Ubongoni kuna kemikali iitwayo GABA. Ikishika vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, seli ya neva hutulia. Diazepamu huiongezea nguvu GABA kwenye vipokezi hivyo, ndiyo maana mtu husinzia, na ndiyo maana ukiikatisha ghafla baada ya kuizoea, ubongo hulipuka.

Nikamuuliza: kama watafiti wanasema kazi ya GABA imepungua kwa wagonjwa hawa, mbona kuiongeza hakuwaponyi? Alinijibu kwa mfano wa ngoma. Uchunguzi wa ubongo wa marehemu waliougua skizofrenia umeonyesha mara nyingi kwamba, katika gamba la mbele, kimeng'enya kinachotengeneza GABA kimepungua ndani ya baadhi ya seli. Miongoni mwake ni zile zinazoshika mdundo ili seli nyingine ziende pamoja. Mshika mdundo akilegea, kila mmoja anapiga lake. Diazepamu haimrudishi kwenye mdundo. Inawapunguzia nguvu wapigaji wote, yeye akiwemo. Wanasayansi bado wanatafuta dawa itakayolenga vipokezi vya kutuliza kwa uangalifu zaidi.

Dawa zinazopunguza sauti hadi leo ni hasa zile zinazozuia dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, kwenye vipokezi vyake, tangu klopromazini ilipoanza kutumiwa Paris mwaka 1952. Simaanishi kwamba diazepamu haina kazi: daktari huweza kuitoa kwa siku chache mgonjwa anapohangaika sana. Lakini ni yeye anayepima kiasi na kujua lini aipunguze. Nanyi wauza dawa, mama akija bila cheti, mwelekezeni kliniki.

Kosa letu kubwa lilikuwa kunyamaza. Kaka alipokakamaa, tungerudi kusema. Kiasi cha dawa hupunguzwa, kuna vidonge vya kulegeza ule ukakamavu, na kuna dawa nyingine za kubadilishia. Yeye alibadilishiwa olanzapini. Ameongezeka uzito, na hilo tunalifuatilia kliniki. Sauti hazijaisha zote, lakini anasema sasa zinanong'ona tu, na tarehe ya kliniki ikikaribia yeye ndiye anayetukumbusha.

Dada wa mgonjwa,
Tanga