Barua kwa mwanangu anayetaka kuwa mkutubi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu. Unataka kusomea ukutubi na sayansi ya habari, wenzako wanakuambia kazi hiyo inakufa kwa kuwa kila kitu sasa kiko kwenye simu, na umeniuliza mimi niliyeifanya miaka 23 kama wanasema kweli. Hawasemi kweli. Lakini kilichonitia wasiwasi ni sababu uliyoitoa wewe: kwamba unapenda vitabu na mahali palipotulia.

Vitabu havina matata. Kazi yenyewe ni yule mtu aliyesimama mbele ya meza yako, asiyejua aseme vipi anachokitafuta.

Siku moja alikuja mzee akaomba kamusi. Ningeweza kumwonyesha rafu kwa kidole nikaendelea na shughuli zangu. Miaka yangu ya mwanzo ndivyo nilivyofanya, na sijui ni wangapi waliondoka mikono mitupu. Siku hiyo nilimwuliza, "Ni neno gani linalokusumbua, mzee wangu?" Alinyamaza kidogo, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa barua ya daktari kuhusu mkewe. Kamusi ingempa maana ya neno moja na kumwacha na hofu ileile. Nilimpeleka kwenye rafu yenye namba 616, ya vitabu vya magonjwa, nikamtafutia kilichoandikwa kwa lugha ya mtu wa kawaida, tukaketi. Ugonjwa wenyewe siutaji, hata kwako. Anachosoma mtu ni siri yake, na mkutubi asiyeweza kuitunza siri hiyo afadhali atafute kazi nyingine.

Chuoni utakutana na jina la S. R. Ranganathan, Mhindi aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi. Mwaka 1931 alitoa kanuni tano za ukutubi, na ya nne inasema: okoa muda wa msomaji. Nilipoisoma nikiwa mwanafunzi niliiona nyepesi mno. Maana yake niliijua kwa mzee yule, ambaye angeweza kumaliza mchana mzima akipekua kamusi.

Utafundishwa pia kuainisha, yaani kupanga vitabu kwa masomo yake, na hapo wengi huchoka mapema. Usichoke. Mfumo wa Melvil Dewey, uliotoka mwaka 1876, unagawa maarifa yote katika madaraja 10, na kila kitabu hupewa namba ya somo lake. Sasa chukua kitabu cha nyuki. Nyuki kama mdudu yuko 595, kwenye sayansi ya wanyama. Nyuki wa mfugaji yuko 638, pamoja na kilimo. Kitabu ni kimoja na hakiwezi kukaa rafu mbili, kwa hiyo lazima ukifungue, usome utangulizi na yaliyomo, ujiulize ni nani atakayekuja kukitafuta. Nawe uwe na macho, maana mifumo hii imetungwa na watu. Katika daraja la dini, namba za 220 hadi 280 zilitengewa Biblia na Ukristo, na Uislamu ukabanwa ndani ya 297. Mimi naliona hilo kuwa kosa, na ningependa kizazi chako kiendelee kulirekebisha.

Kuhusu simu na kompyuta: wakutubi walianza kutumia kompyuta zamani. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mwanamke mtaalamu wa programu, alibuni katika Maktaba ya Bunge la Marekani mfumo wa MARC, unaowezesha kompyuta kusoma taarifa za katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, na mpaka leo maktaba nyingi duniani zinautegemea. Siku hizi wasomaji wananiletea orodha za marejeo walizopewa na akili mnemba. Kichwa cha kitabu kizuri, mwandishi yupo, mwaka upo, ila kitabu hakikuandikwa kamwe. Mtu wa kulithibitisha hilo anahitajika kuliko wakati wowote. Ndiyo maana wenye taaluma hii utawakuta hospitalini, mahakamani, kwenye mabenki na kwenye nyaraka za serikali, wengine bila rafu hata moja.

Mshahara haukutajirishi. Bajeti ikipunguzwa, maktaba huguswa mapema, na utakutana na wakubwa wanaoamini kwamba yeyote anaweza kukaa pale. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, aliyevurugana na wenzake idarani aliletwa maktaba kama adhabu. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Ukichagua chuo, tazama orodha ya masomo kabla ya jina lake. Pawe na uorodheshaji, utunzaji wa nyaraka, kanzidata na mafunzo ya kazini. Na uliza taaluma inataka shahada gani pale utakapofanyia kazi. Marekani, kwa mfano, kwa kawaida ni ya uzamili.

Lakini kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda maktaba usikojulikana. Uliza swali lako kwa mafumbo, kama wanavyouliza watu wengi, kisha usikilize kama mkutubi atakuuliza swali jingine au atakuonyesha rafu kwa kidole. Niandikie alichofanya, na wewe ungefanyaje.

Mama yako