Barua kwa Akinyi kuhusu mstari mnyoofu

Kisumu

Mwanangu Akinyi,

Hujambo? Huku sote tu wazima. Nimeyaona maswali ya grafu uliyonitumia. Hesabu zenyewe ziko sawa, ila mistari miwili imepotoka, na yote kwa sababu moja: ulihesabu miraba badala ya kusoma skeli, yaani kipimo kinachosema kila sentimita kwenye mhimili ni kiasi gani. Tupitie njia yenyewe upesi, kisha tukae kwenye skeli, maana hapo ndipo alama huponyoka.

Mlinganyo ukiwa y = mx + c, c ni pale mstari unapokata mhimili wa y, na m ndiyo gredienti, yaani mwinuko wa mstari. Chukua y = ⅔x − 1. Nukta ya kwanza ni (0, −1). Gredienti ya ⅔ inakuambia: nenda kulia 3, panda 2. Umefika (3, 1). Usichore bado. Rudia hatua hiyo ufike (6, 3), kisha kutoka pale ulipoanzia nenda kushoto 3 na ushuke 2, upate (−3, −3). Nukta zikikaribiana, penseli ikikosea hata nusu milimita kosa linazidi kukua kadiri mstari unavyorefuka, kwa hiyo ziachie nafasi. Gredienti hasi inashuka ukielekea kulia.

Ukikutana na 3x + 2y = 12, usijichoshe kuupanga upya. Fanya x iwe 0: 2y = 12, y ni 6. Fanya y iwe 0: 3x = 12, x ni 4. Weka (0, 6) na (4, 0). Kabla ya kuunganisha, tafuta nukta ya tatu: x ikiwa 2, y ni 3. Rula isipopita kwenye zote tatu, kuna moja uliyoikosea. Nukta mbili peke yake haziwezi kukuonya, kwa kuwa nukta zozote mbili hukubali mstari. Njia hii inagoma kwa milinganyo kama 2x = 5y, kwani x na y zote zinakuwa 0 mahali pamoja. Hapo tafuta nukta nyingine, mfano (5, 2).

Sasa skeli. Tuseme mwenye boda pale Kondele anatoza shilingi 50 za kuanzia, na 20 kwa kila kilomita. Nauli ni y = 20x + 50. Kwenye mhimili wa x, sentimita 1 iwe kilomita 1. Kwenye y, sentimita 1 iwe shilingi 10. Anza kwenye 50, yaani sentimita 5 juu. Ukienda kulia kilomita 1, unapanda shilingi 20, na shilingi 20 hapa ni sentimita 2 tu. Aliyepanda sentimita 20 ametoka nje ya karatasi. Ukiulizwa gredienti kutoka kwenye mchoro, kosa linageuka: soma (1, 70) na (6, 170), kisha 170 − 70 ni 100, gawanya kwa 5, upate 20. Ukipima kwa rula utaona sentimita 10 kwa 5, na utaandika 2, jibu ambalo halina maana kwa abiria yeyote.

Angalia pia mhimili wa x unaanzia wapi. Ukianzia 2 ili kuokoa nafasi, mstari utakata ukingo wa kushoto kwenye 90, na hiyo 90 si c. Thamani ya c husomwa pale x ilipo 0, si pale karatasi inapoishia. Na mstari wa nauli usiupeleke upande wa x hasi. Hakuna safari ya kilomita −3.

Kuhusu y = 4 na x = 3 sina mengi: wa kwanza umelala, gredienti yake 0; wa pili umesimama, na gredienti haipo, kwa sababu ungegawanya kwa 0.

Chora 5x − 2y = 20, uniletee siku ya wazazi. Chunga ile alama ya kutoa: x ikiwa 0, y ni −10, si 10. Mstari wako ukishuka kuelekea kulia, hapo ndipo ulipoteleza.

Dani anakusalimu, na kalamu ulizoagiza ameshanunua.

Mamako