Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Mwaka huu sisi wa chama cha kifafa tulikutana mara nne, tukatembelea wagonjwa majumbani na kufundisha shule mbili: anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na dakika tano zikipita bado anatetemeka apelekwe hospitali. Tulihimiza pia watu wameze dawa za usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mtoni, maana hapa Mahenge usubi na kifafa vinakwenda pamoja. Hayo mnayajua.

Sasa fulana. Nimesikia kisimani na kilabuni kwamba mwenyekiti kala shilingi 310,000 za fulana za zambarau za Siku ya Kifafa. Sijala. Januari dawa zilikwisha kliniki, wagonjwa wetu 19 wakabakiwa na vidonge vya siku chache. Fenobabitoni, dawa yetu ya kifafa, si Panadol. Ukiiacha ghafla kifafa kinarudi kwa fujo, mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu hadi akafa. Wapo humu ambao watoto wao waliangukia jikoni, makovu mmeyaona. Nikaiambia kamati fulana zisubiri. Tukanunua dawa mjini kwa vyeti vya daktari, risiti anazo mhazini.

Ni kweli sikuitisha mkutano mkuu. Akidi ningeitoa wapi? Novemba mlikuja 11 kati ya 58, na wawili walifuata chai.

Mwingine akasema hela ile ingetosha mganga. Ndugu zangu, Daktari Louise Jilek-Aall alianza kutibu kifafa hapa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa fenobabitoni hiyo hiyo, na watu waliodaiwa kurogwa wakarudi shambani. Wataalamu wanasema hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakimeza dawa ipasavyo. Na povu haliambukizi. Nasema kila mwaka, bado naona vikombe vinatengwa.

Mapato yalikuwa 597,000, ikiwemo harambee ya 345,000 niliyoihangaikia mwenyewe. Matumizi 571,500. Ada wamelipa 21 tu. Anayelalamikia fulana kuliko wote hajalipa tangu mwaka juzi, simtaji, anajijua.

Mwakani tunatarajia mradi wa kuku, Mungu akipenda, na fulana mfuko ukiruhusu. Wanaodaiwa waonane na mhazini pale chini ya mwembe, kabla ya chai.