Barua kwa yadi iliyoniuzia gari: naomba memori kadi ya ramani irudi

Kinyerezi,
Dar es Salaam.

Meneja wa Mauzo,
Yadi ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU REDIO YA GARI ILIYOJIFUNGA NA MEMORI KADI ILIYOTOLEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwezi Machi mwaka huu nilinunua kwenu gari dogo la rangi ya fedha, toleo la mwaka 2012, lililoingizwa kutoka Japani. Namba ya chesisi iko kwenye risiti niliyoambatanisha. Injini haina tatizo, gia zinaingia vizuri, na kiyoyozi kinapooza mpaka wa kiti cha nyuma wanaomba nipunguze. Kwa hayo sina neno nanyi. Kilichonifanya niandike ni ile redio ya skrini iliyo katikati ya dashibodi. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita haipigi, haipokei simu, wala haionyeshi kamera ya rivasi. Haijaharibika. Imejifunga, na naamini mlijua kwamba siku moja itajifunga.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili ni zito kwangu, maana kijana wenu wa mauzo aliniambia kwenye simu kwamba redio "ni starehe tu, mama, gari linatembea".

Napika chakula cha mchana na kuwapelekea wafanyakazi wa maofisini Posta. Kila siku ya kazi, saa tano kasoro natoka nyumbani na mahotipoti yamejaa nyuma, napita Tabata, naingia Barabara ya Mandela, Buguruni, kisha nafuata Uhuru mpaka mjini. Njia nzima simu haipumziki. Huyu anaongeza sahani mbili, yule anataka ugali badala ya wali, mwingine yupo kikaoni nimwachie mlinzi. Zamani, nilipokuwa na gari la kukodi, nilikuwa nasimama pembeni kila simu inapoita na chakula kinapoa, au, na hili nalisema kwa aibu, napokea huku naendesha. Nilipoanza kutafuta gari langu mwenyewe niliapa kwamba hiyo tabia inaishia hapo. Ndiyo maana nilizunguka yadi tatu nikiulizia vitu viwili: Bluetooth ya kuongelea simu bila kuishika, na kamera ya nyuma.

Kwenu nilivikuta vyote viwili. Kijana wenu aliunganisha simu yake, akaweka muziki, akapandisha sauti kwa vitufe vya kwenye usukani. Akaweka rivasi, picha ya nyuma ikatokea na ile mistari yake ya njano na nyekundu. Akaniambia, "Mama, hapa umepata gari na sebule." Nikamuuliza wazi: redio hii haina shida yoyote ninayotakiwa kuijua? Akajibu, "Haina. Wewe washa utumie." Kwa jibu hilo nililipa bei mliyotaja, ingawa yadi ya pili walikuwa na gari la mwaka ule ule kwa bei ya chini, lenye redio ya kawaida.

Sasa nije kwenye Jumanne yenyewe. Asubuhi gari liligoma kuwaka, betri imekwisha. Fundi wa Tabata akaja na betri mpya, akafungua vichwa vya betri, akafunga, kazi ya robo saa. Gari likawaka mara moja. Skrini nayo ikawaka, lakini badala ya kile nilichozoea ikaleta maandishi ya Kijapani, mfululizo wa herufi na tarakimu ulioanza na ERC, na sehemu ya kuingizia namba. Nilibonyeza kila mahali. Fundi wala hakushangaa. Aliniuliza tu, "Dada, memori kadi ya ramani iko wapi?"

Nilikuwa sijawahi kusikia habari za memori kadi ya ramani. Alinionyesha mahali inapokaa. Tundu lilikuwa tupu.

Alinieleza, na baadaye mafundi wengine wawili wa Gerezani wakanieleza vilevile kila mmoja kwa wakati wake. Redio ya aina hii ina ulinzi dhidi ya wezi. Umeme wa betri ukikatika kisha ukarudi, inaitafuta ile memori kadi yenye ramani za Japani iliyotengenezewa. Ikiikuta, inafunguka yenyewe na dereva hata hajui kwamba kulikuwa na mlango. Isipoikuta, inadai namba ya siri, na kubahatisha hakusaidii. Kwa hiyo gari linaweza kukaa yadini miezi, memori kadi haimo, redio ikapiga na kamera ikaonyesha vizuri kabisa mbele ya mteja, mradi betri haijachomolewa. Na hakuna betri isiyochomolewa. Iwe ni leo au baada ya mwaka, siku hiyo lazima ifike, na ikifika mteja ameshaondoka na ninyi mmeshaandika risiti.

Fundi alisema kesi za namna hii anazipata mara kwa mara. Kama fundi wa chini ya mwembe anazijua, kampuni inayoishi kwa kuuza magari ya Japani haiwezi kuniambia haizijui.

Siku ile ile nilimpigia kijana wenu. Kwanza alisema fundi wangu ameunguza redio. Nilipomtajia memori kadi, akabadilisha: "Hizo huwa zinapotea bandarini, mama, sisi tunazikuta hazimo."

Hapo ndipo naomba msome kwa makini, Ndugu Meneja. Lile tangazo lenu nililiona WhatsApp kabla sijaja yadini, na picha zake ninazo mpaka leo. Picha ya nne imepigwa kutoka kiti cha nyuma. Skrini imewaka, na juu yake kuna ramani: barabara, mto na majina ya Kijapani. Ramani hiyo inasomwa kutoka kwenye memori kadi. Na mbele ya gari, kupitia kioo, linaonekana geti lenu la bluu na bodaboda imeegeshwa pembeni. Picha hiyo haikupigwa Yokohama wala ndani ya meli. Imepigwa kwenu. Maana yake gari lilifika Dar es Salaam, likapita bandarini, likaingia yadini, na memori kadi ikiwa ndani yake. Ilitoka ikiwa mikononi mwenu. Simtaji mtu, kwa kuwa sikuwepo. Lakini jibu la bandarini silipokei.

Kuna mambo mengine mawili kuhusu redio hii ambayo niliyanyamazia tangu Machi, na nayataja sasa kwa sababu yanaonyesha namna mnavyouza.

La kwanza ni masafa. Nilipolichukua gari, niliweza kukamata Wasafi ya 88.9 na Radio One ya 89.5, lakini EFM ya 93.7 haikupatikana, wala Times ya 100.5. Nilidhani antena mbovu. Kumbe redio ya Japani ya miaka ile inaishia 90. Wenzetu FM yao inaanzia 76, na masafa ya juu ya 90 waliyatumia kwa televisheni za analojia, wakati sisi stesheni zetu zinafika mpaka 108. Nilinunua ekspanda, kifaa kidogo cha kushusha masafa, kwa shilingi 25,000, fundi akaifunga kwenye waya wa antena, na tangu hapo 93.7 naitafuta kwenye 81.7, maana kila stesheni imeshushwa kwa 12. Nimezoea. Hiyo 25,000 siwadai. Ninachosema ni kwamba maneno mawili ya kijana wenu yangetosha kuniandaa.

La pili ni televisheni. Tangazo lenu linasema "TV, DVD, Bluetooth, kamera". Hiyo TV haijawahi kuonyesha kitu na haitaonyesha, kwa sababu imetengenezwa kwa mfumo wa dijitali wa Japani, ISDB-T, na matangazo yetu hapa yanarushwa kwa mfumo wa DVB. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo hata njia ya zamani haipo. Mwanangu wa darasa la sita alikaa Jumapili nzima akitafuta chaneli kwenye skrini hiyo. Nasikitika kwamba nilimwacha atafute, kwa kuwa nami niliamini tangazo. Tafadhali liondoeni neno hilo kwenye matangazo yenu yote ya magari ya Japani. Linasomwa na watu wanaojichanga miaka.

Narudi kwenye kamera, maana hapo ndipo penye uchungu. Kwenye gari langu picha ya nyuma inapita kwenye skrini hiyo hiyo, kwa hiyo nikiweka rivasi nabaki nikitazama maandishi ya Kijapani. Kwetu gari linakaa mwisho wa uchochoro na hakuna pa kugeuzia. Kila asubuhi natoka kinyumenyume, mita kama 40, na watoto wa majirani wanacheza humo humo. Tangu Jumanne nimejiwekea utaratibu wa kushuka, kuzunguka nyuma ya gari, kutazama, ndipo nirudi kwenye usukani. Alhamisi niliposhuka nilimkuta mtoto wa jirani, wa miaka mitatu hivi, amechuchumaa nyuma ya tairi la kulia anachimba mchanga kwa kijiko. Kwenye vioo vya pembeni hakuwa anaonekana hata kidogo. Nilimbeba nikampeleka kwa mama yake, na nikakaa kibarazani kwao muda mrefu kabla mikono haijaacha kutetemeka. Chakula siku hiyo kilichelewa, na wateja wangu niliwaambia sababu. Nawaambia na ninyi, kwa sababu kijana wenu aliita kitu hiki starehe.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishieni memori kadi ya gari hili, ile ile lililokuja nayo kutoka Japani, na fundi wenu aifungue redio mbele yangu, kisha achomoe betri na kuirudisha ili nihakikishe kwamba inafunguka yenyewe. Sitaki kutafutiwa namba ya siri tu. Tayari mtu mmoja ameniambia anaweza kunipatia kwa shilingi 80,000, na fundi amenionya kwamba betri ikichomolewa tena redio itaniuliza upya.

Kama memori kadi imepotea au imeuzwa, basi nifungieni redio nyingine ya skrini kwa gharama zenu, iwe na Bluetooth, iunganishwe na kamera iliyopo ya nyuma, na vitufe vya usukani vifanye kazi kama mlivyonionyesha. Nimeulizia Kariakoo: redio ya Android pamoja na kuifunga nimetajiwa kati ya shilingi 280,000 na 350,000, kutegemea duka. Nasisitiza kamera na vitufe kwa sababu najua redio inaweza kufungwa ikapiga muziki tu, waya za kamera zikaachwa zinaning'inia nyuma ya dashibodi, halafu nikaambiwa kazi imekwisha.

Pia naomba yale magari mengine yaliyopo yadini yakaguliwe. Siku nilipokuja nilihesabu saba yenye skrini kama yangu. Fungueni tundu la kila moja mtazame kama memori kadi imo. Kama haimo, mwambieni mnunuzi kabla hajalipa, na bei ishuke kulingana na hilo. Mtu akijua na akakubali, hana atakachodai baadaye.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka nakala pamoja na picha za tangazo kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na nitaomba wao walitazame neno "TV" na ile picha ya nne. Ningependelea tuyamalize sisi wenyewe. Gari mliloniuzia nalipenda, na dada yangu anatafuta la kwake mwaka huu. Alikuwa anasubiri nimwelekeze yadi.

Gari naweza kulileta siku yoyote baada ya saa tisa alasiri, nikishamaliza kugawa chakula. Jumamosi naweza asubuhi. Nitakuja na fundi wangu wa Tabata, na naomba kijana aliyeniuzia awepo pia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mnunuzi wa gari tajwa,
Kinyerezi.