Mwenyekiti wetu si Bwana

Kirumba, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Sisi hatujambo, ila mvua inatusumbua, dagaa hawakauki.

Nakuandikia jambo linaloniuma, maana wewe ndiye mtengeneza programu. Majuzi tulimwandikia mnunuzi wa Lusaka. Kiingereza chetu unakijua, basi nikaiachia simu itafsiri: "Mwenyekiti wetu ana mitumbwi mitatu, yeye ndiye anayepanga bei. Katibu atakupokea, yeye yuko ofisini." Mwenyekiti akaandikwa "he", yaani mwanaume, katibu "she", yaani mwanamke. Hatukugundua. Mnunuzi akajibu kwa heshima zote, akiomba Bwana Mwenyekiti ampigie. Kumbe mwenyekiti wetu ni mama, alianza na beseni moja la dagaa pale mwaloni hadi akanunua mitumbwi yake. Aliusoma ujumbe mara mbili, akaniuliza: "Kwani mimi mwanaume tangu lini?" Na katibu wetu, kama unavyomjua, ni kijana wa kiume.

Mimi sikusema mume wala mke. "Yeye" ni yeye tu. Mashine ndiyo iliyochagua, kwa mazoea ya maandishi iliyolishwa, ambamo mwenye chombo ni mwanaume. Ingeweza kunipa tafsiri zote mbili nichague. Kwa Kituruki, ambacho nacho hakitenganishi, zipo programu zinazofanya hivyo. Kwa nini isiwe kwetu?

Na si tafsiri peke yake. Joy Buolamwini, mtafiti wa kompyuta, mwanamke mweusi, alipokuwa mwanafunzi, kompyuta haikuiona sura yake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na mtafiti mwenzake Timnit Gebru walipima programu tatu zinazotambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Ndio sisi hao.

Sasa hiyo programu yenu ya mikopo inanitia wasiwasi. Hapa wako akina mama wanaouza dagaa kila siku, lakini laini ya simu ina jina la mume. Fedha yote inapita humo. Mashine itasoma nini? Kwamba mume ana biashara, mke hana kitu. Tafadhali msiipime kwa wenzako wa ofisini peke yao.

Njoo huku kabla hamjaimaliza. Usije wakati wa giza, karabai zikiwa ziwani usiku kucha na sisi tuko kwenye vichanja toka alfajiri. Njoo mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Nitawakusanya wote, mwenyekiti akiwemo, uwaulize mwenyewe.

Wako akupendaye.