Kikao cha safari Alhamisi saa 2 usiku

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Kikao cha mwisho ni Alhamisi saa 2 usiku, hapahapa kwa simu ya kikundi. Jamani kuwa na viza sio kwamba umeshaingia, afisa uhamiaji bado anaweza kukurudisha ulikotoka, kwa hiyo:

1. Paspoti iwe na miezi 6 mbele, nchi nyingi zinataka hivyo, angalieni leo.
2. Printini tiketi ya kurudi na bukingi ya hoteli, simu huzima wakati mbaya.
3. Simu zinaweza kukaguliwa, ukisema unaenda kutalii halafu wakute meseji za kutafuta kazi umekwisha. Na utani wa mabomu pale dirishani hapana (unajijua wewe 😄)

Andika NIPO kabla ya Jumatano jioni tafadhali.