Mwalimu anayehamia nchini aandikiwe hatua zote kwenye karatasi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaohusika na usajili wa walimu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Likoni, Mombasa, nikasomea ualimu Kenya ngazi ya P1, yaani cheti cha ualimu wa shule ya msingi, miaka miwili chuoni, kisha nikafundisha miaka 9 nikiwa na namba ya usajili ya kule. Niliolewa Dar es Salaam, nikahamia Tandika, na baadaye nikaukana uraia wa kuzaliwa ili niwe Mtanzania, kwa kuwa sheria ya hapa hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo kibali cha kazi hakinisumbui. Kinachoniumiza ni kwamba mpaka leo hapa sihesabiwi kuwa mwalimu.

Siombi njia ya mkato. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na mimi kama mzazi nataka anayesimama mbele ya wanangu awe amesomea kweli. Nichunguzwe. Ninacholalamikia ni mzunguko.

Ofisi ya kwanza niliyokwenda iliniambia nianze na ulinganifu wa vyeti, yaani cheti changu cha Kenya kipimwe kinalingana na kipi cha hapa. Nikatoa kopi, wakili akazigonga mihuri, nikapeleka. Nikaambiwa matokeo yangu yathibitishwe kwanza Kenya. Nikapanda basi hadi Nairobi, nikalala kwa shangazi siku nne, nikarudi na barua mkononi. Dada wa mapokezi aliigeuza ile bahasha ya kaki, akaona gundi imebanduka pembeni (ilifunguliwa mpakani Namanga nilipoulizwa nimebeba nini), akaniambia kwa upole, "Dada, hii hatuipokei. Barua ya uthibitisho haiji na mwenyewe."

Nikasafiri tena, safari hii kwenda kuomba itumwe. Kijana wa dirishani akanitazama kwa huruma. "Mama, hili ungelifanya kwa simu ukiwa hukohuko Dar." Kumbe Baraza la Mitihani la Kenya lina mfumo wa mtandaoni: unaomba, unalipia, na uthibitisho unapelekwa moja kwa moja kwenye taasisi inayouhitaji. Nauli za safari mbili, na wiki tatu za tuisheni nilizopoteza, kwa jambo ambalo lingeandikwa kwa mstari mmoja! Hakuna aliyenidhulumu kwa makusudi. Kila mmoja alijua kipande chake tu.

Hata herufi zinatuchanganya, kwa kuwa tume za walimu za nchi zote mbili kwa Kiingereza hufupishwa TSC. TSC ya Kenya humsajili kila mwalimu, hata wa shule binafsi. TSC ya hapa, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulika na walimu walioajiriwa serikalini. Karani mmoja alipoiona namba yangu ya TSC ya Kenya alidhani ni ya hapa, na kwamba nimefukuzwa kazi serikalini, na ilinichukua asubuhi nzima kumweleza.

Nakiri kuna mengi ya kujifunza. Kule Hisabati tulifundisha kwa Kiingereza, ilhali shule za msingi za serikali hapa zinafundisha kwa Kiswahili. Siku ya kwanza ya tuisheni barazani kwangu, mtoto wa darasa la tano aliniomba nimwelekeze KDS ya 6 na 8. Nikanyamaza, mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili. Akaanza kuandika mwenyewe: 6, 12, 18, 24, chini yake 8, 16, 24. Akaizungushia duara ile 24. Hapo ndipo nikaelewa kuwa anatafuta kigawe kidogo cha shirika. Jioni ile nilinunua kitabu cha darasa la tano, nikakaa na daftari kama mwanafunzi: kigawe, kigawo, kiasi, asili, kipeo, kipeuo. Hayo ndiyo nifundishwe. Nipangiwe muhula mmoja chuo cha ualimu, nielezwe mtaala mpya ulioanza Januari 2024, nikaguliwe nikiwa darasani. Nitafika kabla ya kengele.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu 1 Julai 2010, na inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wameshatiliana saini makubaliano yao. Naomba na walimu tufikishwe mezani. Lakini kabla ya hapo, Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 ipo. Naiomba Wizara ya Elimu, kupitia bodi hiyo, itoe karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe kila ofisi ya elimu ya wilaya: mtu aanze wapi, barua gani itoke alikotoka na itumwe na nani, ada ni kiasi gani, asubiri siku ngapi, na akipungukiwa asome nini na wapi.

Siko peke yangu. Mtaa wa pili kutoka kwangu kuna mwalimu wa Fizikia kutoka Bujumbura. Vyeti vyake ni vya Kifaransa na hajui pa kuvipeleka. Anauza vitenge sokoni Tandika, na shule zetu zinalia kwamba hazina walimu wa sayansi.

Uthibitisho wangu umeshatumwa, nasubiri jibu. Shule binafsi ninakofundisha inaniandika mwalimu msaidizi na kunilipa hivyo, ingawa darasa ni langu tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Alasiri nina watoto 14 barazani, na ubao wetu ni mlango wa zamani niliopaka rangi nyeusi. Sita kati yao wanafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Yule aliyeniuliza KDS ni mmoja wao.

Mwalimu, Tandika
Temeke, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)